Ushauri mbovu wa kompyuta, hasara kwa mwenye mzigo

Mfanyabiashara anayevuka Malaba, Namanga, Rusumo au Mutukula amelizoea jibu moja la dirishani: mtandao hakuna. Hulisikia akiwa na nyanya kwenye kreti, mayai kwenye trei au samaki kwenye barafu inayoyeyuka, naye hulipokea kama anavyopokea mvua. Hana wa kumlaumu. Anamlipa dereva siku ya pili, anatafuta pa kulala, anangoja.

Mafundi wa tehama wana maelezo tofauti, na wakikutana wao kwa wao huyatoa kwa hasira. Mara nyingi, wanasema, mtandao upo. Kisichokuwepo ni kompyuta iliyotunzwa, nakala ya kumbukumbu zilizopotea, au mkubwa aliyesikiliza alipoambiwa mapema. Kinachowaudhi si ujinga wa mtumiaji wa kawaida, maana huyo anaweza kufundishwa. Ni ushauri mbovu unaotolewa kwa sauti ya uhakika: na muuzaji wa kompyuta, na meneja aliyesoma kichwa cha habari tu, na mpwa wa tajiri “anayejua mambo ya kompyuta”, na wakati mwingine na wataalamu wenzao wenye vyeti ukutani.

Malalamiko hayo yanastahili kusikika nje ya vyumba vya mafundi, kwa kuwa biashara ya mpakani haiwezi tena kuikwepa kompyuta. Uganda ilianza kudai stakabadhi za EFRIS Januari 2021. Kenya ina eTIMS, Rwanda ina EBM, Tanzania ina mashine za EFD. Na tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, tamko la mzigo wa Kampala au Kigali huandikwa kwenye mfumo wa nchi unakokwenda mzigo huo kabla haujaondoka bandarini. Kompyuta ikifa katika ofisi ndogo ya wakala Kampala, lori linaweza kusimama Mombasa, na gharama za kuhifadhi mzigo hazisubiri fundi afike.

Mfano mzuri wa jinsi ushauri mbovu unavyoishi miaka mingi ni kanuni ya kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2003 Bill Burr, mtumishi wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango na teknolojia, aliandika mwongozo uliopendekeza nywila zenye mchanganyiko wa herufi, tarakimu na alama, tena zibadilishwe mara kwa mara. Hakuwa na takwimu za kutosha kuhusu nywila ambazo watu walikuwa wakizitumia kweli. Alitegemea kwa kiasi kikubwa andiko la miaka ya 1980. Mwongozo ukasambaa duniani kama sheria. Watu nao wakajitafutia njia: Kampala1 ikawa Kampala2, ikaja Kampala3, na iliyoshindikana kukumbukwa ikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, mahali ambapo hata mleta chai anaisoma.

Mwaka 2017 NIST iliandika upya mwongozo wake: nywila isibadilishwe kwa kufuata kalenda, ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwaka huohuo Burr, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka 2019 Microsoft nayo ililiondoa sharti hilo katika mapendekezo yake ya usalama wa Windows. Hata hivyo ofisi nyingi za ukanda huu bado zinalishikilia kama amri. Sababu yake ni rahisi. Meneja anayeliacha liendelee haulizwi na mtu. Meneja anayeliondoa ataitwa kujieleza siku kitu chochote kikiharibika, hata kama ni kiyoyozi.

Wakati nguvu zote zikiishia kwenye kubadili nywila, tabia iliyo mbaya zaidi inaachwa ipite. Si siri mpakani kwamba ziko ofisi za kliaringi ambako nywila moja ya mfumo wa forodha inatumiwa na watu watano: mwenye leseni, karani wake, kijana wa mafunzo, jamaa wa ofisi ya jirani aliyeomba msaada, na karani aliyeacha kazi mwaka jana. Nani aliandika tamko fulani, haijulikani. Fundi akisema kila mtu apewe akaunti yake, anaambiwa anachelewesha kazi.

Hapo ndipo mwenye mzigo anapoumia bila kujua. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinamfanya mwenye bidhaa awajibike kwa matendo na matamko ya wakala aliyemwidhinisha. Karani akiandika thamani ya uongo kwa kutumia nywila ya wakala, mama wa vitenge aliyelipia kazi hiyo kwa nia njema anaweza kuitwa na forodha kueleza jambo ambalo hata hajaliona. Ushahidi ambao ungeweza kumtetea, yaani jina la aliyekuwa kwenye kompyuta saa ile, haupo, kwa sababu mfumo unaonyesha jina moja tu siku zote.

Ushauri mwingine unaopendwa katika maduka ya kompyuta, kuanzia River Road hadi Kariakoo, ni huu: zima masasisho, yanakula bando na kuchelewesha mashine. Mtu anayenunua bando kwa siku anauelewa haraka. Lakini tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuzifanya hospitali za Uingereza zirudishe wagonjwa nyumbani, dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa bure na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameipokea. Na kwa wenye maduka wanaotumia Windows 10, usaidizi wa kawaida wa toleo hilo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anayeuza kompyuta yenye toleo hilo leo bila kumwambia mteja anauza nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Wapinga masasisho hujibu kwa kutaja NotPetya, na jibu lao si la kupuuzwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi hicho kilitokea Ukraine kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi iliyokuwa ikitumiwa na kampuni nyingi za nchi hiyo. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake yanaonekana kila siku kwenye barabara zinazotoka Mombasa na Dar es Salaam, ilikuwa imeiweka programu hiyo kwenye kompyuta ya ofisi yake ya Odessa. Hiyo moja ilitosha. Lakini kilipokwisha kuingia, kirusi kilitembea ndani ya mtandao wa kampuni kwa njia mbili: tundu lilelile lililotumiwa na WannaCry, na nywila za wasimamizi wa mitandao kilizozikomba kwenye mashine kilizoingia. Yaani mlango wa mbele ulifunguliwa na masasisho ya kampuni moja, ila vyumba vya ndani vilikuwa wazi kwa sababu ya mashine zisizosasishwa na funguo moja kufungua milango mingi.

Vituo 17 kati ya 76 vya bandari vya kampuni hiyo viliathirika, malori yakapanga foleni kwenye mageti yasiyojua kontena lipi ni la nani. Mwenyekiti wake wa bodi, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos Januari 2018 kwamba iliwabidi kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Jarida la Wired lilisimulia mwaka 2018 jambo ambalo kila mwenye duka anapaswa kulijua. Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza daftari la watumiaji wote, nani ni nani na anaruhusiwa kuingia wapi. Kila seva ilinakili kutoka kwa nyingine, hivyo zikahesabiwa kuwa ni akiba ya zenyewe kwa zenyewe. Hakuna aliyefikiri kwamba zote zingefutwa kwa pamoja. Zilifutwa. Ilipona moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine ilikuwa nje ya mtandao. Intaneti ya huko haikuweza kuzituma kumbukumbu hizo kwa wakati, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, basi diski ikapelekwa Nigeria na kukabidhiwa uwanja wa ndege kwa mwenzao aliyeruka nayo hadi Uingereza. Msomaji wa Goma au Kigoma aliyezoea kulaani kukatika kwa umeme anaruhusiwa kutabasamu.

Kwa mujibu wa jarida hilohilo, wataalamu wa ndani walikuwa wameshauri mwaka 2016 mtandao wa kampuni ujengwe upya kiusalama. Mpango ulikubaliwa na fedha zikatengwa. Ila utekelezaji wake haukuwekwa kwenye vigezo vya kupima bonasi za wakuu wa idara, ukalala kabatini.

Duka la jumla la Kasumbalesa halina seva 150, lakini kosa ni lilelile: hesabu za madeni ya wateja zipo kwenye kompyuta, na “akiba” yake ipo kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo mwaka mzima. Kirusi kikija kinakula vyote viwili. Mwizi akija anabeba vyote viwili. Flashi ya pili inayokaa nyumbani na kuletwa dukani kila Jumamosi ina bei ndogo kuliko deni moja lililosahaulika.

Wataalamu nao wasijitoe katika lawama hizi. Ni wao walioipigia debe kanuni ya miezi mitatu kwa zaidi ya muongo mmoja, na baadhi bado wanaitetea kwa sababu ndivyo walivyofundishwa chuoni. Wanalalamikiana kwa vifupisho ambavyo mwenye mzigo hawezi kuvielewa, kisha wanashangaa kwamba anamsikiliza mpwa wake, ambaye angalau anazungumza Kiswahili. Wengine humshauri muuza mitumba anunue seva wakati anachohitaji ni flashi mbili na daftari. Ushauri usioangalia mfuko wa mteja ni mbovu hata kama umenakiliwa kutoka kitabu kizuri.

Kuna mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi huko Arusha. Mamlaka za mapato zinapaswa kuacha “mtandao hakuna” kuwa jibu kamili. Mfumo ukisimama, tangazo liseme kilichosimama ni nini, tangu saa ngapi, na kama kosa ni la kebo, la umeme au la seva, kwa lugha inayosomeka kwenye simu ya mtu aliye kwenye foleni. Tangazo la namna hiyo lingempa pia mwenye mzigo kitu cha kuonyesha anapoomba asamehewe gharama za siku ambazo hazikuwa kosa lake.

Mfanyabiashara naye ana haki ya kumuuliza wakala wake, kabla ya kumkabidhi karatasi, ni watu wangapi wanaoijua nywila ya ofisi, nakala za kazi zake zinawekwa wapi, na ni lini mara ya mwisho zilijaribiwa kurudishwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa inaweza kuwa faili tupu, na mafundi wamezikuta nyingi za aina hiyo. Wakala mzuri atajibu hapohapo. Atakayekasirika amejibu pia.

Leseni za mawakala wa forodha katika Jumuiya huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na kila anayeitaka tena hujaza fomu. Mstari unaomtaka aorodheshe kila mtu anayeingia kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe, na mwingine unaouliza tarehe ya jaribio la mwisho la nakala zake, ingetosheka kwenye nafasi iliyobaki chini ya ukurasa wa kwanza.