Lami ya Iceland si Lami ya Chalinze

Mwandishi wa toleo lililopita anatuambia kwamba aliyezoea malori ya Chalinze hashindwi kujiendeshea gari Iceland mwezi Januari, maana kule ni lami tupu. Thubutu! Barabara Namba 1, inayozunguka kisiwa kwa kilomita 1,300 na ushei, ni lami kweli. Ila majira hayo hutandwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Ukikanyaga breki kwa pupa, gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Upepo ameusahau kabisa. Kusini, kati ya barafu kuu ya Vatnajökull na bahari, umelala uwanda wa mchanga mweusi wa volkano, Skeiðarársandur. Dhoruba ikivuma, mchanga huo huparua rangi ya gari, na mlango uliofunguliwa bila kushikwa waweza kupinda bawaba. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hasara hiyo (brosha hazilisemi hili kwa herufi kubwa).

Mwanzoni mwa Januari, mchana wa Reykjavík hautimizi saa tano. Ratiba anayoipendekeza mwandishi huyo, ya kilomita 400 kwa siku, ni ya kuendesha gizani.

Sipingi safari. Nendeni, lakini chukueni gari lenye matairi ya misumari, someni taarifa za barabara kila asubuhi, na zikisema imefungwa, rudini mkalale.