Illasit: Nyumba ya Udongo na Nyumba ya Saruji

Msafiri atokaye Emali akapita Kimana na Loitokitok hufikia Illasit, mji wa mpakani chini ya Mlima Kilimanjaro. Akivuka ng'ambo yuko Tarakea, Tanzania. Pande hizi za Kajiado nyumba ya Kimaasai ya fito na samadi, banda la mbao na mabati, na jengo la mawe na saruji hutazamana, na kila moja ina hoja yake.

Sisi watu wa pwani tusiharakishe kuicheka hiyo ya samadi. Kukandika twakujua. Kwetu wanaume husimamisha miti, hufunga fito, hujaza mawe na udongo, kisha huezeka makuti. Umaasaini kazi hiyo ni ya wanawake tangu kukata fito, kuzichomeka na kuzisuka, hata kupaka samadi iliyochanganywa na udongo. Nyasi zilizomo ndani ya samadi huushika udongo usipasuke. Lakini paa nalo ni la kupakwa, na mvua ikilitoboa mama hurudi juu na samadi yake. Asemaye nyumba hiyo ni ya bure hajapata kuibeba ndoo ile.

Mabati yana sifa moja kubwa katika nchi kavu: hukinga maji. Mvua ya milimita 20 ikiangukia paa la mita za mraba 50, ni lita 1,000, ukiacha zinazopotea njiani. Paa la samadi halikupi hata kopo. Ila mchana bati ni tanuri, na usiku, kwa baridi ya mlima ule, ni barafu.

Ama mawe, hapo twajivuna, na twajivuna kwa haki. Kuta za Lamu zina unene wa karibu nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, chini ya mita tatu. Na saruji si mgeni kama tunavyodhani. Kiwanda cha Bamburi, tangu 1954, kimekuwa kikisaga matumbawe yaleyale. Tofauti ni moto: chokaa huiva kwenye joto la nyuzi kama 900, saruji hutaka kiasi cha 1,450. Joto hilo ndilo mnunuzi alilipalo katika kila mfuko.

Tena saruji haimwokoi mtu asiyeijua ardhi yake. Kitengela, kaskazini ya wilaya hiyohiyo ya zamani, udongo mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Asiyeuchimba mpaka chini penye ugumu, ukuta wake utaandika ufa kutoka dirisha hadi dari.

Iko njia ya katikati, nami naipenda: tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, saruji sehemu moja kwa udongo sehemu kumi na kitu. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950. Tofali halichomwi, basi halili kuni. Hufunikwa na kumwagiwa maji siku kadhaa mpaka likomae. Zamani kanuni za ujenzi za 1968, zilizofuata Uingereza, zingelitilia shaka mjini. Mabadiliko ya 1995 ndiyo yaliyofungua mlango wa kuupima ukuta kwa uthabiti wake.

Lakini kuna jambo ambalo fundi mwashi halipimi kwa timazi. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na mke, na huitwa ya mke. Kila mke na yake. Ikija ya mawe, fundi ni mwanamume, fedha ni za ng'ombe aliyeuzwa na mume, na hati ya kiwanja, mara nyingi, ina jina la mume. Mama amepumzika kubeba samadi, naye amepoteza nini? Lamu wazee waliliona hili, wakawajengea binti zao nyumba za mawe wakiolewa, na mume akaja kukaa kwa mkewe.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 huhesabu mchango usio wa fedha, na huzuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mwislamu ameruhusiwa kufuata sheria ya dini yake. Basi anayejenga Illasit mwaka huu, kabla ya kuuliza bei ya mfuko, na amuulize mkewe jina gani litaandikwa.