Yai la buluu na yai la kware

Bwana mwandishi, ijapokuwa naafiki kwamba kuku wa Araucana, ambao asili yao ni Chile, hutaga mayai ya buluu, na kwamba rangi hiyo hupenya ganda hadi ndani, ilhali ile ya kahawia hukaa juu juu tu, sikubali katu kwamba rangi huzidisha lishe. Sisi wa Kakamega, ambao kwetu ingokho, yaani kuku, ni heshima ya mgeni, hatujasahau yai la madoadoa la kware, lililosifiwa mnamo 2013 kuwa dawa ya kila maradhi, bei ikapaa, kisha soko likaporomoka. Atakaye kuku hao na awafuge kwa furaha ya macho, starehe ambayo mimi siidharau, lakini awachanje kideri kwanza.