Shimo Tulilolifukia Mtoni



Wasomaji wapenzi, kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi hunijia kuniuliza kama yafaa kuwapeleka watoto matembezi porini, au kama kufanya hivyo ni kupoteza wakati ambao ungalitumika katika kudurusi. Jawabu langu halijabadilika: yafaa, tena yafaa sana. Mtoto asiyepata kuona kiumbe kingine ila kuku wa uani na mbuzi wa jirani huelewa nusu tu ya yale ayasomayo. Lakini tangu kiangazi cha mwaka uliopita nimeongeza sharti moja katika jawabu hilo, na sharti lenyewe nililipata kwa aibu. Leo nitawasimulia, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwaachia wanafunzi wake walirudie.

Wengi wenu mlio pwani mkisikia neno mto huwaza maji yapitayo. Huku kwetu Manyoni sivyo. Wilaya yetu iko katikati ya nchi, pale reli ya kati inapokwisha kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa ikitoka Dodoma kwenda Tabora. Magharibi kuna vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata ni taabu mtu kupita pasipo kukata njia. Na kusini yako mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Basi mito yetu mingi ni makorongo ya mchanga. Masika hufurika kwa kishindo, na kiangazi hugeuka njia nyeupe, kavu, ambayo mtu huivuka kwa viatu.

Walakini zitazame kingo zake. Nyika yote imekauka, majani yamepukutika, ila ukingoni mwa korongo umesimama msitu mwembamba wa mikuyu, mikwaju na migunga, nao ni mbichi. Miti hiyo yanywa wapi? Yanywa chini. Maji hayakwenda zake. Yamezama mchangani, nako huenda polepole mahali jua lisipoyafikia. Wenyeji wajua hayo tangu mababu. Huchimba visima katika mchanga, wakachota humo wao na mifugo yao mpaka mvua zirudi.

Mimi nimezaliwa huku, na haya yote nilikuwa nikiyajua. Sikilizeni sasa jinsi nilivyokuwa kama mtu asiyeyajua.

Siku hiyo tulitoka mjini baada ya sala ya Alfajiri, wanafunzi 34, wavulana kwa wasichana, pamoja na wazazi 6. Tulikwenda kwenye korongo moja upande wa kusini, nje ya mipaka ya mapori ya akiba. Nilimpa taarifa mwenyekiti wa kijiji, naye akaturuhusu kwa moyo mkunjufu. Lakini sikumwuliza swali lo lote juu ya mahali penyewe. Nilidhani ruhusa imetosha.

Asubuhi ilikuwa njema. Tulikaa chini ya mkuyu mkubwa, juu yake hondohondo wakipiga kelele na ngedere wakituangushia makombo ya kuyu. Niliipasua kuyu moja, nikawaonyesha watoto nyigu wadogo mno walioishi ndani yake. Nikawaeleza kwamba pasipo wadudu hao mkuyu haupati mbegu, na kwamba ndege, popo na ngedere wapatao chakula humo ndio wazichukuao mbegu kwenda kuziacha mbali. Mchangani tuliona nyayo za digidigi, na alama ya nyoka aliyepita usiku. Watoto waliokuwa na woga walianza kuuliza maswali.

Kisha nikafundisha somo la adabu. Niliwakumbusha jinsi Mtume wetu s.a.w. alivyotuonya tusifanye haja mahali pa kuteka maji, wala njiani, wala katika kivuli wapumzikapo watu. Waliisoma hadithi hiyo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili bila ya kukosa neno hata moja. Nilifurahi. Nikawaambia pia: msitupe taka ovyo, zifukieni shimoni.

Tulipokwisha kula chakula cha mchana, vijana wakubwa walikusanya taka zote: mifupa, makoko ya wali, karatasi na mifuko ya biskuti. Wakaangaza huku na huku, wakaona katikati ya korongo shimo lililokwisha kuchimbwa, limezungushiwa matawi ya miiba. Ndani mlikuwa na unyevu tu. Wakaiondoa miiba, wakazitia taka zote humo, wakazifukia na kusawazisha mchanga juu yake, wakarudi kwangu na furaha ya watu waliofanya wajibu. Nami nikawasifu. Tena wadogo wawili walikuwa wamekwenda kujisaidia katika mchanga ule ule, hatua chache upande wa juu, kwa kuwa ulikuwa laini na hapakuwa na mtu.

Haukupita muda, akaja mama mmoja wa makamo na binti zake wawili, ndoo vichwani. Alisimama pale palipokuwa na shimo, akaitazama miiba iliyotupwa kando. Nilimwendea, nikamwamkia.

Akaniuliza, “Mwalimu, kisima chetu ki wapi?”

Sikuwa na la kumjibu. Alitueleza kwamba huchota alfajiri mpaka maji yaishe, kisha hukiacha kisima kipumzike, na maji hujaa tena taratibu hata alasiri. Ile miiba ilikuwa ya kuzuia mbuzi na watoto wasitumbukie. Hakupaza sauti wala hakutukana. Alipoonyeshwa na mahali wadogo walipojisaidia, alitikisa kichwa, akasema, “Hapa hatuchoti tena mwaka huu. Tutachimba kule juu.” Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Ndugu zangu, laiti angalinitukana ningaliona nafuu. Niliwaita vijana, tukafukua taka zetu zote kwa mikono na kuzirudisha katika vikapu, na vile vilivyoachwa na wale wadogo tukavizoa tukavizika mbali juu ya ukingo. Kisha tukamfuata mama yule, tukaomba jembe na kuchimba pamoja naye mahali alipotuonyesha. Tulichimba mpaka mchanga ukafika kifuani mwa kijana mrefu kuliko wote ndipo maji yakaanza kutoka, meusi kwanza, kisha yakatakata. Vijana wakaona kwa macho yao kazi iliyomo katika ndoo moja.

Njiani kurudi nilijiuliza: kosa lilikuwa la nani? Watoto walisoma hadithi ya maji na kivuli asubuhi, na mchana wakayachafua maji kivulini. Hawakuasi. Hawakujua kwamba pale pana maji. Hadithi yataja mahali pa kuteka maji, nao waliona mchanga mkavu. Nimefundisha maneno hayo kwa miaka mingi, na sikupata hata siku moja kumshika mwanafunzi mkono nikamwonyesha: maji ya kwetu ni haya hapa. Basi kosa lilikuwa langu. Nalo ndilo sharti ninaloliongeza leo: kabla hujampeleka mtoto mtoni, mwonyeshe maji ya mto huo yalipo na ni nani ayanywaye.

Msidhani jambo hili ni la kijiji kimoja. Mto Kizigo ushukao kutoka kusini mwa wilaya yetu hukutana na Ruaha Mkuu huko Mtera, lilipo bwawa, na maji hayo hutoa umeme pale Mtera na tena Kidatu chini yake, kisha huendelea hata Rufiji na baharini. Ruaha Mkuu wenyewe, upitao katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, zamani haukuwa mto wa kukauka. Mwaka 1993 ulikatika kiangazi, na tangu hapo ukawa ukikatika mwaka baada ya mwaka, kwa sababu huko juu, katika bonde la Usangu, mifereji ya mashamba ya mpunga iliyachukua maji hata wakati wa ukame, na mifugo mingi ikaingia katika ardhi oevu. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi ili kuiokoa chemchemi hiyo. Waliofungulia mifereji hawakumkusudia mtu ubaya. Walikuwa wakilima chakula. Lakini aliye juu ya mto asipomfikiria aliye chini, madhara hufika pasipo mwenye kuyakusudia.

Na katika Ruaha ile ile iliyokauka kuna funzo jingine. Ndovu akiona kiu huchimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka ayafikie maji. Akisha kunywa huenda zake, na shimo hubaki wazi. Nyani, ndege na swala huja nyuma yake wakanywa. Mnyama asiyesoma kitabu huwaachia wenziwe kisima, na sisi tuliosoma tulikifukia.

Basi, wazazi na vijana, mkitaka kwenda kutembea katika msitu wa mto, haya ndiyo niyaonayo kuwa ya lazima.

Kwanza, mwulizeni mwenyeji. Msiombe ruhusa tu, bali ulizeni: maji yachotwa wapi, mifugo hunywa wapi, wapi pana hatari, wapi watu hawapendi pakanyagwe. Na mapori ya akiba hayaingiwi pasipo kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kuyaingia kwa siri ni kuvunja sheria na kuyahatarisha maisha.

Pili, lihesabuni korongo kuwa ni kisima, hata likiwa kavu kama barabara. Haja ifanywe mbali, juu ya ukingo, nje ya kivuli cha watu. Sabuni isitumike mchangani wala karibu na shimo. Wakati wa kutawadha tumieni maji kidogo mliyokuja nayo. Tumekatazwa israfu hata tukiwa kando ya mto utiririkao, seuze mto uliojificha.

Tatu, kilichokuja kwa kikapu kirudi kwa kikapu. Sasa sisemi tena, “zifukieni.” Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vya biskuti na peremende bado vyasafiri nasi, navyo havioi.

Nne, wanyama watazamwe, wasichezewe. Ngedere aliyezoezwa kupewa ndizi huja kuwa mwizi mashambani, na mwisho wake ni mawe. Kinda asitolewe katika kiota. Mnakumbuka jinsi Mtume s.a.w. alivyowaamuru masahaba wamrudishie ndege makinda yake. Na mizinga iliyotundikwa mitini ni mali ya watu. Asali ya Manyoni yasomesha watoto wengi.

Tano, jihadharini na moto. Kiangazi majani ni baruti. Pikeni mahali pasipo majani, na mkimaliza uzimeni kwa mchanga na maji, msiondoke mpaka jivu lipoe mkononi.

Sita, walindeni watoto. Mtoto asiingie katika shimo la mchanga peke yake, kwani kingo zake huporomoka ghafla. Na katika majira ya mvua msikae kabisa katikati ya korongo: hata mbingu ikiwa safi juu yenu, mvua iliyonyesha mbali yaweza kuleta gharika kwa mara moja.

Mwaka huu tulirudi kijijini kwa mama yule, kwanza kumsalimu, kisha kutembea. Kabla hatujashuka garini niliwauliza watoto, “Maji yako wapi?” Msichana mmoja mdogo, ambaye mwaka jana hakuwako, aliangaza huku na huku, akasema hayako. Mmoja wa wale wawili wadogo akamshika mkono, akampeleka kumwonyesha kisima na miiba yake, na kumweleza kwa nini haipasi kuigusa. Alimweleza vizuri kuliko mimi.

Na ninyi msio na korongo karibu, lifanyeni jambo hili nyumbani jioni ya leo. Waulizeni watoto wenu maji ya mtungini yametoka wapi, yamepita kwa nani kabla ya kuwafikia, na yakitoka kwenu yaenda kwa nani. Wasipojua, tokeni nao mkaangalie.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni wema katika ardhi yake. Amin.

Wassalaam.