Filamu ya Kuogopwa si Ile Yenye Msumeno

Kuna imani iliyokwishaota mizizi Naviundu, na katika mitaa mingine mingi ya Lubumbashi, hata haihojiwi tena. Filamu za kutisha za Wazungu, zenye vinyago, visu na misumeno, ni mlango wa mapepo, na mzazi mwenye akili huzifungia nje. Lakini filamu za buloji, yaani za uchawi, zile ambazo muloji hufichuliwa mbele ya kanisa, akatapika na kukiri, kisha pasta akashinda, hizo ni mafundisho. Hutazamwa sebuleni na familia nzima, bibi na wajukuu pamoja, na zikiisha watu husema wameonywa.

Nasema imani hii imegeuza mambo juu chini. Hatari imo katika filamu tunayoiita mafundisho, na watoto wetu ndio wanaolipa.

Filamu yoyote ya kutisha inayobaki kichwani mwa watu hukumbukwa kwa mambo matatu: silaha, mahali, na mgeuko wa mwisho unaomfichua mwenye kosa. Tuyapime moja moja, kwa filamu zao na kwa hizi tunazozikumbatia.

Tuanze na silaha. Mwaka 1974 Mmarekani Tobe Hooper alitoa The Texas Chain Saw Massacre. Wauaji wake ni familia iliyozoea kazi ya machinjioni, kazi ambayo mitambo mipya imeanza kuichukua. Zana za kazi zimegeuzwa kuwa zana za mauaji, na ndiyo maana msumeno ule haujasahauliwa hata leo. Filamu inaanza kwa kudai kwamba yote yalitokea kweli. Hayakutokea. Mbegu yake ni Ed Gein, muuaji wa Wisconsin aliyekamatwa mwaka 1957, ambaye hakuua kwa msumeno wa injini. Hata hivyo, mtazamaji aliyetoka ukumbini huku akitetemeka hakurudi nyumbani kuchunguza ni yupi kati ya wanawe anayeficha msumeno chini ya kitanda. Alijua ametazama filamu.

Silaha ya filamu ya buloji ni chakula. Mtoto anapewa karanga na rafiki shuleni, au kipande cha mkate na bibi wa jirani, na usiku ule ule anaamka, anaruka na kujiunga na wanaokula watu. Fikirini uzito wa jambo hilo katika mtaa ambao watoto wengi hushiba kwa sababu jirani kawakaribisha. Kisu kila mtu anakijua. Mkate haujulikani, kwa hiyo kila mkate unashukiwa, na pamoja nao kila mjane mkarimu na kila mtoto aliyekula kwa watu. Tendo jema kuliko yote mtaani linageuzwa kuwa ushahidi.

Tuje kwenye mahali. Filamu za kigeni hupenda kumpeleka mtu mbali: hoteli ya njiani isiyo na wageni katika Psycho ya 1960, msitu wa Maryland katika The Blair Witch Project ya 1999. Anayetoka huko hai ameokoka. Filamu ya buloji inafanyika nyumbani kwako, katika chumba ambacho televisheni imo, na hakuna pa kukimbilia isipokuwa kanisani kwa pasta yule yule.

Na ubaya zaidi, filamu hizi zinatusahaulisha mahali ambapo watu waliumizwa kweli katika mji huu. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma wakidai mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, wakapigwa risasi na askari wa koloni. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano wakiwa wamefungwa na kupigwa, na usiku huo wakauawa porini nje ya mji. Baadaye polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, alikata miili na kuiyeyusha kwa asidi, akabaki na jino. Jino hilo lilirudishwa kwa familia ya Lumumba Juni 2022, baada ya miaka 61. Hakuna mwandishi wa filamu aliyebuni kitu kama hicho, na waliokifanya hawakuruka na ungo. Walikuwa na vyeo, magari na amri za kutekeleza.

Hata mto wetu wa Naviundu una somo hilo. Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha za mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa sharti la siri, na picha hizo zilitundikwa katika sebule nyingi za mji. Wako wanaoamini hadi leo kwamba majini kuna kitu kinachochukua watu. Basi watafiti walipima maji ya bonde la Naviundu, wakakuta metali kwa viwango vinavyopita mipaka ya maji ya kunywa. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga: kiasi cha kobalti kilikuwa miongoni mwa vikubwa kuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Kitu kimo majini, ni kweli. Tunakijua kwa jina, na ushuru wake unalipwa ofisini.

Sasa mgeuko, na hapa ndipo kesi yangu yote ilipo. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead. Shujaa wake, aliyechezwa na Duane Jones, ni Mwamerika mweusi anayepambana na wafu usiku kucha. Asubuhi anabaki peke yake hai, na kundi la Wazungu wenye bunduki linampiga risasi likimdhania mmoja wa wafu. Mwaka 2017 Jordan Peele alitoa Get Out. Kijana mweusi anakwenda kuwasalimia wazazi wa mchumba wake wa Kizungu. Mama mkwe anakoroga chai kwa kijiko, na sauti ile inamnyang'anya kijana nguvu ya kukataa. Familia ile, pamoja na mchumba mwenyewe, inauza miili ya weusi kwa Wazungu matajiri. Mwaka uliofuata Peele alipata Oscar ya mswada bora wa filamu. Katika filamu zote mbili mgeuko unawafichua wenye nguvu, na mtazamaji anatoka akiwa na maswali kuhusu bunduki ya nani na nyumba ya nani.

Hadithi hiyo wazee wetu wa Katanga waliisimulia kabla Peele hajazaliwa. Waliiita batumbula. Watu wa usiku waliwinda wapita njia, na masimulizi ya ukanda wa shaba, upande wetu na upande wa Zambia, yalitaja mupila, mpira wa dawa uliomnyang'anya mtu hiari yake mpaka akawafuata kimya. Mateka alinoneshwa, akageuka nguruwe, akaliwa na Wazungu. Na mgeuko mchungu kuliko wote: aliyemkamata hakuwa Mzungu, alikuwa mtu mweusi anayemfanyia tajiri kazi. Rik Ceyssens aliandika juu ya masimulizi hayo mwaka 1975, na Luise White aliyapa sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi katika Afrika ya kikoloni. Pwani na Tanganyika uvumi wa aina hiyo uliitwa mumiani.

Siwatakasi batumbula. Uvumi huo uliwadhuru pia wasio na hatia, na mwaka 1959 fununu ya mumiani ilizua ghasia Buguruni, Dar es Salaam. Lakini tazameni hofu ile ilielekea wapi. Ilipanda juu, kwa kampuni iliyokula nguvu za watu na kwa vibaraka wake. Mfanyakazi wa mgodi aliyemsimulia mwenzake batumbula alikuwa anasema kweli kuhusu maisha yake kwa lugha ya kutisha.

Hofu ya filamu za buloji inashuka chini. Mgeuko wake ni ule ule kila mara: muuaji ni bibi mjane, au yatima aliyeletwa na mjomba, au mtoto wa kambo, au mwenye kifafa, au anayekojoa kitandani. Mfano unaojulikana zaidi ni End of the Wicked, filamu ya Nigeria ya mwaka 1999 ya mhubiri Helen Ukpabio, inayoonyesha watoto wakiapishwa usiku na kuangamiza familia zao. Wanaotetea watoto katika jimbo la Akwa Ibom wameilaumu kwa kuchochea wimbi la watoto kufukuzwa na kuteswa. Kinshasa nako, mwanaanthropolojia Katrien Pype alichunguza michezo ya televisheni ya makanisa na kuchapisha kitabu mwaka 2012: humo muloji yumo ndani ya familia, na pasta ndiye mkombozi. Watetezi wa filamu hizi hutuambia kikulacho ki nguoni mwako. Methali ni nzuri, lakini waliofanya ya 1941 na ya 1961 hawakuwa watoto wala bibi zetu, na mtoto wa miaka minane anayelala kwenye mkeka hana uwezo wa kufunga kiwanda, kupandisha bei ya unga, wala kumnyima baba kazi.

Matokeo yako barabarani. Ripoti ya Human Rights Watch ya Aprili 2006 kuhusu watoto wa mitaani nchini mwetu ilieleza jinsi mashtaka ya uchawi yanavyowasukuma watoto nje ya nyumba, na jinsi wengine wanavyofungiwa makanisani, wakanyimwa chakula na kupigwa mpaka wakiri. Kukiri huko ndiko filamu inakokuonyesha kama ushindi. Mtoto mwenye njaa ya siku kadhaa atakiri lolote utakalomwambia.

Kuna ushahidi mwingine ambao ningependa kila pasta wa Naviundu ausome. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara kadhaa, wa kuzaliwa hivyo. Mtoto mwenye kasoro ni miongoni mwa wanaoitwa wachawi kwa haraka. Basi familia inapomshtaki, inamhukumu kwa kile ambacho huenda kiliingia mwilini mwa baba yake kazini.

Nitaambiwa kwamba filamu inaonyesha tu yale ambayo watu tayari wanayaamini. Si kweli kwamba inaonyesha tu. Shaka ya mzazi haina uso, na filamu inaipa uso, umri na mwenendo: mtoto mkaidi, mtoto mlafi, mtoto asiyelala. Nitaambiwa pia kwamba buloji upo. Sibishani hapa na anayeamini hivyo. Katiba yetu ya Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mshtaki kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Sheria haikuuliza nani anaamini nini. Iliuliza nani anapigwa.

Wala sitaki hofu iondolewe kwenye skrini. Hofu ikiwekwa mahali pake inafundisha, na majirani na wana wa mji huu wameshaonyesha njia. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Mzambia Rungano Nyoni alitoa I Am Not a Witch mwaka 2017. Msichana mdogo, Shula, anashtakiwa kuwa mchawi na kufungwa kwa utepe mweupe mrefu mgongoni. Anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Utepe huo unatisha kuliko kisu chochote, kwa sababu tunaona mikono ya watu wazima inayoushika: ya serikali, ya watalii, ya jirani. Na Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alipeleka filamu yake Augure Cannes mwaka 2023, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito. Damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga wa ndugu yake, na ukoo wote unamgeukia. Kamera inakaa na wanaoshtakiwa. Unatazama ukoo wako kwa macho ya mtu ambaye ukoo umemkataa, na kwa wengi wetu huo ndio mgeuko ambao hatujawahi kuonyeshwa.

Kwa hiyo namwomba kila mzazi, kila mwenye ukumbi wa video na kila mkuu wa kituo cha televisheni mjini aulize maswali matatu kabla ya kubonyeza: silaha katika filamu hii ni nini, kisu au ukarimu wa jirani? Mahali ni wapi, na je, wenye mamlaka wanaonekana humo hata mara moja? Mwishoni anafichuliwa nani, mwenye nguvu au mwenye njaa? Filamu ikijibu vibaya yote matatu, basi hata ikianza kwa sala na kumalizika kwa sala, haifai kutazamwa mbele ya watoto.

Na mtoto akishtakiwa mtaani, jirani aitwe shahidi na sheria itajwe kwa namba yake, kabla hajapelekwa kufungiwa popote. Sheria ipo tangu 2009. Filamu bora zipo, na moja imetengenezwa na mwana wa mji huu. Lililobaki ni uamuzi wetu wenyewe: kuacha kumtafuta adui miongoni mwa wale wanaotutegemea kwa chakula, na kuanza kuwauliza maswali wale wanaotuuzia hofu na wale wanaotutilia sumu majini.