Eldoret sasa ni jiji: nani anakagua kilichobandikwa darini?

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mombasa hadi Eldoret kumsindikiza mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa akitafuta chumba karibu na chuo. Chumba cha kwanza tulichoonyeshwa kilipendeza kweli. Kuta zimefunikwa paneli zenye nakshi kama marumaru, dari nyeupe ya paneli za PVC, taa zimechomekwa ndani yake. Dirisha lina vyuma. Mlango ni mmoja.

Nikamuuliza mwangalizi wa jengo, "Ndugu yangu, hizi paneli zikishika moto huwaje?"

Akanionyesha mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa kwenye ushoroba na karatasi iliyobandikwa kando yake. "Tumekaguliwa, mzee," akanijibu.

Karatasi ilikuwa ya mtungi. Ya paneli haikuwapo, na kwa uso wake niliona hajawahi kuulizwa swali hilo.

Eldoret ilitawazwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na kila mtaa kuna jengo linalopanda. Simlaumu mwenye nyumba kwa kupenda paneli. Ni nyepesi, fundi huzimaliza kwa siku moja, na huficha nyufa na unyevu. Hata kwetu Mombasa na Malindi zimejaa. Sisi watu wa pwani tunayaogopa makuti kwa sababu tumeona yanavyowaka. Plastiki hatuiogopi kwa sababu inang'ara.

Wapimaji wa moto huuliza maswali mawili. La kwanza, kitu hiki kinashika moto na kuusambaza kwa kasi gani? La pili, ukuta mzima utauzuia moto kwa dakika ngapi? Kwa swali la kwanza, Ulaya hutumia herufi kuanzia A1, kisichowaka, hadi F. Kando ya herufi huandikwa alama ya moshi na ya matone yanayodondoka yakiwaka. Bodi ya jipsamu kwa kawaida huwa A2, na mbao isiyotiwa dawa mara nyingi huwa D. Wamarekani huchoma kipande cha futi 24 ndani ya handaki, na kinachopata alama 0 hadi 25 huitwa daraja A.

PVC ngumu, kwa haki yake, haishiki moto upesi. Lakini ikichomwa na kitu kingine hutoa moshi mzito wenye gesi ya asidi, na aliyelala humaliza pumzi kabla mwali haujamfikia. Paneli zenye sponji ndani ni hatari zaidi. Ukiziangalia kwa macho hutazitofautisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba cheti ni cha kile kilichopimwa: unene ule, gundi ile, na kilichowekwa nyuma yake. Fundi akibadilisha kimoja, cheti kile hakiielezi tena dari yako.

Waingereza walijifunza hili kwa machungu. Moto wa jengo la Grenfell, London, tarehe 14 Juni 2017, uliua watu 72, ukipandia paneli za nje. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitoka tarehe 4 Septemba 2024, ikasema watengenezaji walidanganya kuhusu matokeo ya vipimo. Siku iliyofuata, usiku wa tarehe 5, bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri liliwaka na watoto 21 wakafariki. Maafisa walieleza kuwa bweni lilijengwa zaidi kwa mbao, ndiyo maana moto ulienea haraka.

Si kwamba hatuna sheria. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinataka mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni. Kanuni mpya ya ujenzi ya 2024 imechukua nafasi ya ile ya 1968. Shirika la KEBS nalo lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijaletwa nchini.

Pengo liko kati ya duka na dari. Jengo hukaguliwa likiwa tupu, likapata cheti cha kukaliwa. Miaka miwili baadaye mwenyewe anaita fundi alipambe. Siku hiyo hakuna afisa anayerudi.

Najua jibu la wenye nyumba: mkitubana, kodi itapanda. Basi tuanze na njia za kutokea, yaani ngazi na ushoroba, ambako moshi ukijaa hakuna atakayepita. Kaunti ya Uasin Gishu, na zetu huku pwani, ziombe karatasi ya kipimo cha paneli za sehemu hizo wakati wa ukaguzi wa kila mwaka. Duka liandike daraja la moto kwenye risiti. Eldoret yenyewe ina viwanda vya plaiwudi na bodi. Likianza jiji hilo, wengine watafuata.

Na sisi wapangaji na wazazi tuulize. Paneli hii ina karatasi ya kipimo? Jina na unene wake ndio ulioandikwa pale? Moto ukianza mlangoni, mwanangu atatokea wapi?

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Lakini Mtume (SAW) alituusia tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala, na wasia huo ni kinga.

Mpwa wangu amechukua chumba kingine: dari ya jipsamu, ngazi mbili, dirisha linafunguka. Hakipendezi kama kile cha kwanza, na tunaongeza kidogo kila mwezi. Mamake analala usingizi, alhamdulillahi. Kile cha kwanza nacho, nadhani, kimeshapata mpangaji.