Rangi si pambo tu

Wenzetu wengine wanatengeneza ndeke ndogo kwa mfano wa zile za vita, halafu wanapaka rangi yoyote. Wanasema: ni mchezo tu! Sisi tunakataa.

Julai 1943, kule Sicily, usiku, askari na meli za upande wao wenyewe walipiga ndeke za Marekani zenye kubeba askari: 23 zilianguka. Ndiyo sababu Juni 1944, mbele ya kuvuka kwenda Ufaransa, walipaka mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi. Walipaka mbio mbio, kwa brosi; mingine ilikwenda upande. Mistari ile ilisema: usipige, ni sisi!

Basi, mwenye kupaka nyekundu kwa kupendeza macho anafuta ushuhuda wa wafu. Tuulize kwanza, tupake nyuma.